Saa Moja

Mimi ni mwandishi wa wasioandika.
Kibanda changu kiko Makupa, nyuma ya wauza matairi:
kompyuta mbili, printa inayokohoa wino,
na kiti cha plastiki ambacho kila mguu una maoni yake.

Hapo ndipo alipoketi Mwatime binti Bakari,
muuza mahamri na mbaazi wa Majengo,
siku kaunti ilipotangaza
kwamba leseni sasa hukatwa mtandaoni
na karatasi zimestaafu.

Fomu ikauliza: wafungua saa ngapi?
"Saa moja," akasema,
nami, bila kuwaza, nikabonyeza moja.
Fomu ikaomba kidole.
Akatoa gumba lililokanda unga miaka thelathini na moja.
Jaribu tena.
Cha shahada. Jaribu tena.
Mwisho kikakubaliwa kidole kidogo cha kushoto,
cha mkono asioutumia hata kurudisha chenji.

Wiki ya pili faini ikaingia kwenye simu:
kuuza chakula usiku wa manane bila kibali.
Kwa hesabu ya mashine
Mwatime huepua mahamri
wakati hata paka wa Mji wa Kale wamechoka kugombana.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Saa moja jua lishatoka," akasema.
"Nani kaihamishia usiku?"

Kisha tukaitwa ukumbini, Tononoka.
Kumbe sisi ni wadau.
Neno lenyewe lilitufikia pamoja na soda
na daftari la kutia sahihi.
Afisa mwenye tai akasema mfumo umekamilika,
umezinduliwa, umepigiwa makofi Nairobi,
sasa twataka maoni yenu:
hiki kitufe cha kutuma,
kiwe cha kijani au cha buluu?

Feni ikazunguka. Mtu akapiga chafya.
Mwatime akasimama, soda haijafunguliwa,
akasema kwa mizani, si kwa hasira,
kama mamake alivyokuwa akigombana na mwenye nyumba:

Mwaniuliza ya rangi, ya mlango hamjali,
Hapa maswali ni mengi, mwaogopani maswali?
Mlipochimba msingi, hatukuitwa awali,
Kuta zishapanda nyingi, ndipo mwataka kauli.

Watu wakagonga viti.
Afisa akaandika: kijani.

Lakini nyuma kabisa, karibu na soketi,
alikuwako msichana ambaye hakutambulishwa.
Mutheu. Ndiye aliyeuandika ule mfumo,
mstari kwa mstari, kwenye chumba chenye kiyoyozi,
na hakuna aliyewahi kumwambia ni wa nani.
Akafunga laputopu yake polepole.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa Majengo.
Hakuleta dodoso. Akapewa mbuzi, akakuna nazi
hadi ncha za vidole zikachubuka,
akawa anauliza, anakuna, anauliza tena:
na ukifiwa, nani hufungua? Na mwezi wa Ramadhani?
Na simu ikiwa ni ya mwanao?
Kuna majibu yaliyomfanya asahau nazi.

Jua lilipogusa mabati,
Mwatime akafunua sinia.
"Hii," akasema, "ndiyo saa moja."
Mutheu akatazama simu yake: saba.
Akatazama vidole vyake.
Hakusema kitu, akaomba chai.

Sasa fomu inauliza:
asubuhi, mchana, jioni au usiku?
Faini haijafutwa, wanasema inashughulikiwa.
Kitufe ni cha kijani.
Na juzi imekuja barua, nimemsomea mara mbili:
kaunti yataka kujenga mfumo wa maduka ya sokoni,
bado haujaanza, waja kuzungumza kwanza.
Mwatime akaikunja barua, akaifutia mafuta mezani,
kisha akajuta, akainyoosha.
"Waambie soda wabaki nayo," akasema.
"Walete mchoro.
Na ile mashine ya vidole, waje nayo pia,
nina vidole tisa vinavyotaka kusema nayo."